UZI: Baiskeli na gari, nani ni hatari kwa nani?

1/
Kila msimu wa kampeni swali hili hurudi. Mgombea anaulizwa kuhusu ajali za barabarani, anajibu: "Hizi baiskeli ni hatari, zitolewe kwa barabara kuu." Mwenzake anajibu: "Shida ni magari, tujengeeni njia za baiskeli." Wafuasi wanarushiana maneno usiku kucha, na asubuhi tunaamkia habari za ajali nyingine. Leo sitaji chama wala mtu. Nataka tuangalie historia ya mabishano haya, kwa sababu hayakuanza Kenya na hayakuanza jana. Uzi ni mrefu. Chukua chai.

2/
Kwanza tutenganishe maneno. Tukisema kitu ni "hatari" tunaweza kumaanisha mambo mawili tofauti. La kwanza: anayekitumia yuko hatarini. La pili: anayekitumia anahatarisha wengine. Mlevi akilala katikati ya barabara, yuko hatarini. Mlevi huyo huyo akishika usukani, yeye ndiye hatari. Wote wawili wanahitaji kusaidiwa, lakini huwezi kuwatungia sheria moja. Sehemu kubwa ya kelele tunayosikia kwenye midahalo inatokana na kuchanganya hayo mawili.

3/
Nitawapa mfano wa nyumbani. Mjomba wangu aliuza mikate kwa baiskeli. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari barabarani, kreti zimefungwa kwa mpira kwenye keria. Siku moja gari lililokuwa likipita lingine lilimkuta pembeni kabisa, kwenye changarawe. Hakufika hospitali. Matangani kila aliyesimama kuzungumza alisema jambo moja: "Tulimwambia baiskeli ni hatari." Nilikuwa mdogo, nikaamini. Miaka mingi baadaye ndipo nikajiuliza: kwani baiskeli ilimfanya nini? Siku zile tatu za matanga, gari halikutajwa hata mara moja.

4/
Sasa tuwape wote haki yao. Anayesema "baiskeli ni hatari" ana ukweli wake. Ukihesabu kwa kilomita, mtu aliye kwenye baiskeli ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko aliye ndani ya gari dogo. Hana mkanda, hana bodi ya chuma, hana mfuko wa hewa. Kitakachogonga lami ni mwili wake. Hilo halibishaniwi popote duniani. Kama swali ni "wapi nitakuwa salama mimi mwenyewe?", gari linashinda.

5/
Lakini anayesema "gari ndilo hatari" naye ana ukweli wake, na hesabu yake ni ya darasani tu. Nguvu ya kitu kinachogonga ni uzito, mara kasi, mara kasi tena. Baiskeli na mwenyewe, tuseme kilo 100, kwa kilomita 20 kwa saa. Gari la kilo 1,500 kwa kilomita 60 kwa saa. Uzito ni mara 15. Kasi ni mara 3, na 3 mara 3 ni 9. Zidisha: gari linabeba nguvu mara 135 ya ile baiskeli. Matatu iliyojaa, ya kilo 3,000 kwa kilomita 80? Mara 480.

6/
Kama hesabu haikupendezi, fikiria kuanguka. Kugongwa na gari linaloenda kilomita 30 kwa saa ni kama kuanguka kutoka mita tatu na nusu hivi. Unaweza kuvunjika, lakini wengi huamka. Kilomita 50 ni kama mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kilomita 80 ni kama mita 25, ghorofa ya nane. Hakuna helmeti ya baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya ghorofa ya nane. Kwa hivyo swali la kasi si la heshima au adabu barabarani pekee. Ni swali la mfupa na damu.

7/
Haya, historia. Gari na baiskeli ni umri mmoja. Baiskeli tunayoijua leo, yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo nyuma, ilianza kuuzwa Uingereza 1885, kazi ya John Kemp Starley wa Coventry. Mwaka uliofuata, 1886, Karl Benz alipata hataza ya gari lake la petroli Ujerumani. Na lami laini ambayo madereva wanadai ni yao? Waendesha baiskeli wa Uingereza na Marekani walikuwa wakiipigania kabla magari hayajawa mengi. Walichoka na matope, wakaunda vyama, wakasukuma serikali zao zitengeneze barabara.

8/
Uingereza ilikuwa na sheria kali mno kabla ya hapo. Sheria ya 1865 ilisema chombo chochote cha barabarani chenye injini kisizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini, na mtu atangulie mbele kwa miguu akiwa amebeba bendera nyekundu. Leo tunacheka. Lakini angalia wazo lililokuwa ndani yake: aliyeleta kitu kizito barabarani ndiye anayebeba mzigo wa kuwalinda wengine. Sheria hiyo ilikufa 1896, na kikomo kikapandishwa hadi maili 14 kwa saa.

9/
Mwaka huo huo wa 1896, mwezi wa Agosti, mama mmoja anayeitwa Bridget Driscoll aligongwa na gari la maonyesho pale Crystal Palace, London. Anakumbukwa kama mtu wa kwanza Uingereza kuuawa na gari la petroli akitembea kwa miguu. Baraza la uchunguzi liliamua ilikuwa bahati mbaya, na afisa aliyeliongoza akasema anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena. Hakuna aliyeshtakiwa. Neno "ajali" lilianza kazi yake siku hiyo, na halijapumzika mpaka leo.

10/
Twende mbele. Mwaka 1930 Uingereza ilifanya jambo ambalo wengi hawajui: iliondoa kabisa kikomo cha kasi kwa magari madogo. Hoja ilikuwa kwamba dereva muungwana atajipima mwenyewe. Nchi ilikuwa na magari ya watu binafsi milioni moja hivi tu, lakini watu zaidi ya 7,000 walikuwa wakifa barabarani kila mwaka, wengi wao wakiwa kwa miguu au kwa baiskeli. Kufikia 1935 serikali ilirudi nyuma: maili 30 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na mtihani wa udereva ukawa wa lazima. Waungwana walikuwa wameshindwa kujipima.

11/
Linganisha na leo. Uingereza ina magari zaidi ya milioni 40 na hupoteza watu takriban 1,600 kwa mwaka. Sisi Kenya tuna sehemu ndogo tu ya magari hayo, na tunapoteza zaidi ya 4,000 kila mwaka. Kwa hivyo mtu asikwambie vifo ni bei ya maendeleo, ati gari zikiongezeka lazima watu wafe. Walikuwa na gari chache wakafa wengi. Sasa wana gari nyingi, wanafa wachache. Kilichobadilika katikati ni sheria, barabara zenyewe, magari yenyewe na huduma za hospitali.

12/
Marekani nayo ina somo lake, na hili ndilo linalogusa siasa kabisa. Miaka ya 1920 magari yaliua watu zaidi ya 200,000 nchini humo, wakiwemo watoto wengi waliokuwa wakicheza mtaani. Watu walikasirika. Mjini Cincinnati, 1923, wakazi zaidi ya 42,000 walitia saini ombi kwamba kila gari lifungwe kidhibiti mwendo lisipite maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40 hivi. Wauzaji wa magari waliona biashara inakufa. Wakamwaga pesa kwenye kampeni, na siku ya kura pendekezo likaanguka vibaya.

13/
Baada ya hapo wenye magari walijifunza kwamba si vizuri kujitetea tu. Ni vizuri zaidi kuhamisha lawama. Wakakuza neno la kumwita anayevuka barabara ovyo. Neno lenyewe, "jaywalker", limejengwa juu ya "jay", ambalo wakati huo lilimaanisha mshamba, mtu wa reserve asiyejua mambo ya mji. Mwaka 1925 Los Angeles ilipitisha sheria ya kuwabana wanaovuka kwa miguu, ikisukumwa na chama cha wenye magari, na miji mingine ikaiga. Ndani ya miaka kama kumi na tano hivi, barabara iliyokuwa ya kila mtu ikageuka kuwa ya gari, na mtoto aliyegongwa akawa mkosaji. Sasa rudi matangani kwa mjomba. Unaona maneno yale yalikotoka?

14/
Kenya iliingiaje hapa? Kwa mlango wa ukoloni. Sheria yetu ya trafiki, Sura ya 403, mzizi wake ni wa 1953. Wakati huo gari lilikuwa la mlowezi, la afisa wa serikali na la mfanyabiashara. Mwafrika alitembea, na aliyebahatika alikuwa na baiskeli. Mwaka huo huo wa 1953 yalianza mashindano ya magari ambayo baadaye tuliyaita Safari Rally. Kwa miongo mingi yalikimbizwa kwenye barabara za umma zilizo wazi, zile zile za mama mwenye kuni na mwalimu mwenye baiskeli. Tuliyapenda sana, na mimi pia niliyapenda. Lakini somo tulilopata pale kando ya barabara ni moja: gari likija, wewe ruka mtaroni.

15/
Na baiskeli yetu ilikuwa na hadhi. Black Mamba, ile nyeusi nzito, ilibeba mwalimu, karani wa chifu, mikate, maziwa, mgonjwa, hata jeneza. Magharibi, mpakani Busia, ikazaa kazi mpya: kuvusha watu na mizigo kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Ndio jina "boda boda" likazaliwa. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi hawajui: boda boda ya kwanza ilikuwa baiskeli. Kisumu, Mumias, Nakuru, vijana walisomesha watoto kwa pedali.

16/
Kisha likaja badiliko la kodi. Karibu mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, chini ya sisi 250. Ilikuwa hoja nzuri ya ajira, na kweli ajira zilipatikana. Lakini ndani ya miaka michache nduthi ilikuwa imeifukuza baiskeli stejini, na jina "boda" likahama nalo. Ndiyo maana kwenye midahalo mtu anasema "boda na baiskeli" kama kitu kimoja. Si kitu kimoja. Nduthi ina injini na inafika kilomita 80 kwa saa. Mwenye nduthi yuko hatarini kama wa baiskeli, na pia anahatarisha wengine kama wa gari. Yuko pande zote mbili. Mjadala wake ni wa siku nyingine.

17/
Lakini wacha tuseme pia tulipofanya vizuri. Februari 2004 zilianza kutumika zile kanuni maarufu za matatu: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, sare, mstari wa njano. Kumbuka Cincinnati. Kitu ambacho matajiri wa magari walikizuia kule 1923, sisi tulikifunga kwenye matatu zetu miaka 80 baadaye. Tulikubali, kama taifa, kwamba hatari ianze kudhibitiwa kwa aliye na uzito na kasi. Shida ni kwamba wengi walijifunza kuhepa: vidhibiti vikachezewa, msako ukawa wa msimu, na gari la binafsi halikuwekewa kidhibiti mwendo.

18/
Sheria yenyewe inajua nani ni hatari kwa nani, hata kama wanasiasa wetu husahau. Gari lazima liwe na bima ya kufidia watu wengine, kwa Sura ya 405. Baiskeli haidaiwi bima hiyo. Dereva lazima awe na leseni. Mwenye baiskeli hahitaji. Mijini na kwenye vituo vya biashara, kikomo cha magari ni kilomita 50 kwa saa. Waliotunga walielewa vizuri kwamba uharibifu mkubwa hutoka upande mmoja. Si ati baiskeli haiwezi kuumiza. Inaweza kumgonga mzee akivuka, na ikitokea, mwenyewe awajibike. Lakini ukipita wodi ya majeruhi, uliza ni wangapi waligongwa na baiskeli.

19/
Sasa barabara kubwa. Barabara ya Thika ilipanuliwa kuanzia 2009 na kuzinduliwa rasmi Novemba 2012, takriban kilomita 50, sehemu nyingine leni nane. Ilileta biashara na muda wa safari ukapungua, hilo tusilikatae. Lakini magari yalianza kukimbia kabla madaraja yote ya miguu hayajakamilika, na watu waliendelea kuvuka pale walipozoea kuvuka maisha yao yote, mahali ambapo sasa gari linapita kwa kilomita 100. Wakaitwa wajinga, wavivu wa kupanda ngazi. Mnaona? Neno la Los Angeles la 1925 lilikuwa limefika Githurai.

20/
Mwaka 2022 tukafungua barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27. Juu hakuna baiskeli, hakuna nduthi, hakuna miguu, na kwa barabara ya aina hiyo ni sawa. Swali ni chini kulibaki nini. Tafiti za usafiri wa Nairobi zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba karibu nusu ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu, na za baiskeli ni chache mno. Kundi kubwa zaidi kwenye orodha ya waliokufa barabarani nchini, mwaka baada ya mwaka, ni la watembea kwa miguu. Wengi wako chini, pesa iko juu.

21/
Hapo kuna mtego wa takwimu ambao ni lazima uujue. Mtu atakuonyesha kwamba wanaokufa kwa baiskeli Kenya ni wachache kuliko wanaokufa ndani ya magari, halafu aseme: "Mnaona, baiskeli si shida, hakuna haja ya njia zao." Ni wachache kwa sababu watu wameogopa na kuziacha. Mto wenye mamba hauna waogeleaji wengi waliokufa, kwa sababu hakuna anayeingia. Huwezi kusema mto ule ni salama. Ukiona nambari ndogo, uliza kwanza: ni wangapi wanathubutu?

22/
Kuna nchi iliyogeuza hadithi hii, nayo ni Uholanzi. Wengi wetu tunadhani Waholanzi walizaliwa kwenye baiskeli na serikali yao ikawapenda hivyo hivyo. Hapana. Miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakibomoa mitaa ili gari lipite, na baiskeli zilikuwa zikipungua kila mwaka. Mwaka 1971 walipoteza watu kama 3,300 barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi mmoja wa habari aliyefiwa na binti yake kwa kugongwa na gari aliandika makala yenye kichwa kizito: "Komesheni mauaji ya watoto". Maneno hayo yakawa jina la vuguvugu la wazazi.

23/
Wazazi hao walilala barabarani, wakafunga mitaa watoto wacheze, wakaenda nyumbani kwa waziri mkuu kwa baiskeli. Na bahati ikawasaidia: mwishoni mwa 1973 mafuta yakaadimika duniani, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaonja mji usio na moshi. Kuanzia katikati ya miaka ile, Tilburg na The Hague wakajaribu njia za baiskeli zilizotenganishwa na magari, kisha nchi nzima ikaendelea taratibu. Angalia walichoacha kufanya. Hawakusema "watoto wafundishwe kuogopa gari." Walisema gari lifundishwe kuogopa watoto.

24/
Waliiweka hata kwenye sheria ya fidia. Sheria yao ya trafiki ya 1994, kifungu cha 185, inasema gari likimgonga mtu wa miguu au wa baiskeli, mwenye gari analipa uharibifu isipokuwa athibitishe kwamba hakuwa na namna yoyote ya kuzuia. Na kwa mtoto chini ya miaka 14, mahakama zao huwa kali zaidi. Hii si kusema dereva anafungwa moja kwa moja. Ni bima na fidia tu. Lakini inampa kila dereva sababu ya kupunguza mwendo akiona mtoto na baiskeli mbele.

25/
Tuwe wakweli lakini. Mpinzani makini atakwambia: Uholanzi ya leo, wanaokufa kwa baiskeli wamepita wanaokufa ndani ya magari. Ni kweli. Jumla yao ni kama 700 kwa mwaka kwa makundi yote, na wengi wa wale wa baiskeli ni wazee, wengine wakianguka na baiskeli za betri bila kuguswa na mtu. Katika nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, hilo linaeleweka. Haliondoi ukweli kwamba vifo vyote vilishuka kutoka 3,300 hadi karibu 700. Linatukumbusha tu kwamba baiskeli si muujiza. Ukianguka, unaumia.

26/
Atasema pia: "Kenya si Uholanzi." Sawa. Sisi tuna milima, jua, mvua ya Aprili na kaunti zenye madeni. Lakini Nairobi haikosi sera. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, na ndani yake kuna ahadi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya kujenga barabara iende kwa njia za miguu na baiskeli. Asilimia ishirini. Imeandikwa. Miaka iliyofuata tulipata vipande vizuri, hasa katikati ya jiji, na tushukuru. Toka nje ya katikati ya jiji, fuata njia hiyo ya baiskeli, uone inaishia wapi. Nyingi zinaishia kwa kibanda, kwa mtaro, au kwa gari lililoegeshwa.

27/
Kwa hivyo mgombea akisimama jukwaani na kusema baiskeli ni hatari, usimtukane. Muulize: hatari kwa nani? Akisema kwa mwenye baiskeli, muulize nani anamletea hatari hiyo na atamfanyia nini. Akigawa rifleta na helmeti, pokea, zitasaidia gizani. Halafu muulize kuhusu kasi, kwa sababu rifleta humsaidia dereva kukuona, haimlazimishi kusimama.

28/
Na umuulize aliye na mamlaka husika. Katiba ya 2010 iligawa kazi: barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu kupitia mamlaka zake, barabara za kaunti ni za kaunti. Ukimuuliza mbunge kuhusu barabara ya mtaa, atakuahidi kitu ambacho si chake kutoa. Ukimuuliza gavana kuhusu barabara kuu, atakwambia aulizwe mwingine. Jua mlango kabla ya kubisha. Maswali yenyewe ni matatu tu. Asilimia 20 iko wapi kwenye bajeti ya mwaka huu? Kikomo cha kilomita 50 kinasimamiwa na nani hapa sokoni, na je, kando ya shule tunaweza kushusha hadi 30? Barabara mpya ikifunguliwa, vivuko vitakuwa tayari siku hiyo hiyo au miaka miwili baadaye?

29/
Kwa wale wenye magari mnaosoma, hili si la kuwatusi. Mimi pia huendesha nikipata gari la kuazima. Nikiketi nyuma ya usukani naona jinsi mwenye baiskeli anavyoudhi akiyumba mbele yangu. Lakini nimejua kwa nini anayumba: anakwepa shimo, au anakwepa upepo wa lori lililompita. Akikosea yeye, anakufa yeye. Nikikosea mimi, anakufa yeye. Tofauti yetu barabarani ni hiyo, na sheria nzuri lazima ianzie hapo.

30/
Baiskeli ya mjomba ilirudishwa nyumbani. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda, lakini fremu ilikuwa nzima. Fundi aliinyoosha, binamu yangu akaitumia miaka mingine sita kupeleka mboga sokoni. Haikumuumiza mtu yeyote. Siku hizi barabara ile imewekwa lami mpya na magari yanapita kwa kasi zaidi, na pembeni, mahali palipokuwa na changarawe, hakuna tena pembeni. Watoto wa shule hupita hapo asubuhi wakifuatana kwa mstari mmoja. Uchaguzi ukifika, swali langu la kwanza litakuwa kuhusu mstari huo.

Mwisho wa uzi. Kama una hoja tofauti, ilete. Matusi peleka kwingine.